Kizuri Chajiuza? Tovuti, Buibui na Msomaji wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hukaririwa sokoni, hukaririwa katika posa, na tangu intaneti ibishe hodi katika vyuo vyetu imeanza kukaririwa pia na wale wanaotengeneza tovuti. Waama, pengine hakuna mahali ambapo ukweli wake hujaribiwa kwa ukali kama huko. Msomi aliyeandika makala ya kupendeza kuhusu tungo za Muyaka bin Haji, kisha akaiweka katika tovuti isiyofikiwa na yeyote, kizuri chake hakijiuzi hata kidogo. Kimelala ndani ya duka lililofungwa milango. Naye aliyeandika upuuzi, akaupamba kwa hila za kuuvutia mtambo wa kutafutia, huweza kuuona upuuzi huo ukitembezwa ulimwengu mzima kwa muda. Maneno ya kutiliwa mkazo ni hayo mawili ya mwisho.

Kabla ya kusonga mbele, yafaa ieleweke mtambo wa kutafutia hufanya kazi gani. Msomaji anapoandika maneno mawili matatu katika Google, haelekei kwamba mtambo huo unakwenda papo hapo kuzipekua tovuti zote za dunia. Kazi hiyo imekwisha kufanywa mapema na programu ambayo wataalamu huiita buibui. (Huyu si buibui avaliwaye na akina mama wa Mombasa, ingawa naye hupita kila mahali pasipo kuonekana uso.) Buibui hutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, husoma maneno aliyoyakuta, na kuyapeleka ghalani yakapangwe katika faharasa kubwa mno. Swali la msomaji hujibiwa kutokana na faharasa hiyo. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote, au ambao maneno yake hayasomeki kama maneno, ni kana kwamba haukuandikwa.

Katika miaka ya 1990, mitambo ya kwanza iliwaamini sana waandishi. AltaVista, iliyoanza Desemba 1995, na mitambo mingine ya rika lake, ilizingatia mno yale ambayo ukurasa ulisema kujihusu wenyewe. Palikuwa na sehemu iliyofichika ambamo mwenye tovuti aliorodhesha maneno makuu ya ukurasa wake. Kama ilivyotarajiwa, watu walianza kudanganya. Neno moja liliandikwa mara hamsini. Wengine waliandika maneno meupe juu ya usuli mweupe, yasionekane na binadamu ilhali buibui anayasoma yote. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kukosa kuifikiria takriri hapa. Katika shairi, takriri hufanya kazi: hukaza hoja, huleta mdundo, humrejesha msikilizaji pale mtunzi anapotaka asimame. Takriri ya walaghai wa mtandao haikuwa na msikilizaji. Ilisemwa sikioni mwa kitu kisicho na sikio.

Mnamo 1998, Sergey Brin na Larry Page, waliokuwa wanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha makala iliyoeleza mtambo wao mpya. Wazo lao lingeeleweka na msomi yeyote wa Kiswahili, maana lilitokana na desturi ya marejeleo. Kitabu kinachorejelewa na wengi, hasa na wale ambao wao wenyewe hurejelewa, huchukuliwa kuwa na uzito. Vivyo hivyo kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kilihesabiwa kuwa aina ya rejeleo. Thamani ya ukurasa ikaanza kupimwa kwa ushahidi wa wengine badala ya majisifu yake. Hata hivyo ushahidi nao hununulika, na walaghai wakaanza kuuziana viungo. Mwaka 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwa siku chache katika matokeo ya Google, kwa kuwa ilikuwa na kurasa ambazo buibui alizisoma kwa namna moja na binadamu akapelekwa kwingine. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiyatazami tena yale maneno makuu ya kufichwa inapopanga matokeo. Mabadiliko ya 2011 yaliyoitwa Panda yalizishusha kurasa zilizojazwa maandishi hafifu. Yale ya 2012 yaliyoitwa Penguin yakawageukia wanunuzi wa viungo. Na mwaka 2022 yakaja mengine yaliyolenga waziwazi kurasa zilizoandikwa ili kuupendeza mtambo.

Historia hiyo ina mwelekeo mmoja. Mtambo wenyewe unamfuata binadamu, ukijaribu mwaka baada ya mwaka kukisia ukurasa upi ungemridhisha mtu aliyeuliza. Anayeufuata mtambo basi anakimbiza kivuli cha kitu ambacho angeweza kukiendea moja kwa moja. Katika fasihi simulizi jambo hili halihitaji kuthibitishwa. Fanani hutambia hadhira iliyoketi mbele yake, hubadilisha sauti wanapochoka, huwashirikisha wanaposinzia. Sifa zake huenezwa na waliomsikia. Fanani ambaye angeipa hadhira kisogo na kuwasimulia wapiga mbiu pekee, akitumaini kwamba hao watamletea watu, angeshangaza kijiji kizima. Lakini ndivyo tovuti nyingi zinavyofanya.

Mfano ulio karibu na nyumbani utatufaa zaidi kuliko ya Ujerumani. Chama kimoja cha wanafunzi wa Kiswahili, katika chuo kikuu kimojawapo humu nchini, kiliamua kuyaweka majarida yake ya zamani mtandaoni. Kazi hiyo alipewa mhariri, kijana mwenye bidii na kamera nzuri. Alizipiga picha kurasa zote, moja baada ya nyingine, akazipanga katika tovuti iliyopambwa kwa bendera, ngoma na jua linalochomoza. Kwa macho ya wanachama ilipendeza ajabu. Wenzake walimpongeza na mlezi wa chama akaitaja katika hotuba yake. Baada ya hapo kimya kikatanda. Aliyetafuta makala zile kwa majina ya waandishi wake hakuzipata. Aliyetafuta kwa mada hakuzipata. Miongoni mwa makala hizo kulikuwa na utafiti wa vitanza-ndimi uliofanywa nyanjani na mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu, na nakala yake ya karatasi ilikuwa imebaki moja tu, tena imeliwa na mchwa pembeni.

Fundi mmoja alijitolea kusaidia, kwa malipo ambayo chama hakikuwa nayo. Aliahidi nafasi ya kwanza katika matokeo. Dawa yake ilikuwa kuongeza chini ya kila ukurasa orodha ya maneno: Kiswahili, fasihi, isimu, ushairi, riwaya, na tena Kiswahili, kwa maandishi madogo yasiyosumbua macho. Mhariri alikaribia kukubali.

Aliyemzuia alikuwa mwanafunzi mwenzake asiyeona, aliyekuwa mwaka wa tatu katika idara hiyo hiyo. Huyu alisoma kwa kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, inayoyageuza maandishi kuwa sauti.

“Kaka mhariri,” alimwambia, “jarida lenu limenisomea namba tupu.”

“Namba gani, dada?”

“Picha sifuri sifuri moja. Picha sifuri sifuri mbili. Nimefika arubaini nikaacha.”

Mhariri alipoketi kando yake kusikiliza, alibaini jambo ambalo fundi hakumwambia. Programu ile haikuona maneno kwa sababu hayakuwa maneno. Yalikuwa picha ya maneno. Ilichosoma ni majina ya majalada tu. Na buibui wa mtambo wa kutafutia hakuwa na macho bora kuliko yale ya programu ile. Alipopita katika tovuti yenye jua linalochomoza, alikuta jina la chama, neno “Karibu”, na mamia ya namba.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, na inasikitisha kwamba wengi hulipita haraka. Msomaji asiyeona na buibui huhitaji mambo yanayokaribiana sana. Wote wawili wanahitaji matini iwe matini. Wote hufaidika picha inapoambatana na maelezo ya maneno. Kichwa kikitiwa alama ya kuwa kichwa badala ya kukuzwa herufi tu, msomaji asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wenzake wanavyopitisha jicho, naye buibui hutambua mada ni ipi na mada ndogo ni zipi. Miongozo ya kwanza ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu ilitolewa Mei 1999, mwaka mmoja tu baada ya ile makala ya Brin na Page. Aliyeifuata miongozo hiyo kwa ajili ya utu alijikuta ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo mafundi waliitoza fedha.

Hata hivyo mahitaji ya wawili hao hayalingani katika kila jambo, na ni vyema kusema hivyo bila kuficha. Kuna alama ndogo, herufi mbili “sw”, inayotiwa katika ukurasa kutangaza kwamba lugha yake ni Kiswahili. Google imeeleza kwamba haiitegemei alama hiyo. Hutambua lugha kutokana na maandishi yenyewe. Kwa hivyo fundi wa hila hana haja nayo. Lakini programu ya kusoma skrini ikiikosa huweza kuusoma ukurasa mzima kwa matamshi ya Kiingereza, na yeyote aliyewahi kusikia “nyanya” na “ng’ombe” zikitamkwa na sauti hiyo anajua kwamba ni adhabu. Mhariri aliitia katika kila ukurasa. Hapo hakuwa akimtumikia buibui yeyote.

Kisha wakaanza kuchapa upya, makala moja baada ya nyingine, wanachama wakigawana kurasa nyakati za jioni.

Suala la pili, ambalo kwa wanafunzi wa lugha lina utamu wake, ni la msamiati. Msomi wa Kiswahili huona fahari kuandika tarakilishi, au ngamizi, na kulikwepa neno kompyuta kama mtu akwepaye dimbwi. Fahari hiyo ina misingi yake na haifai kudhihakiwa. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta maelezo huandika neno analolijua. Ukurasa uliojaa ngamizi mwanzo hadi mwisho, usio na kompyuta hata moja, unajifungia nje ya njia anayopitia. Hali imezidi kuwa tata siku hizi ambapo kitu kimoja huitwa akili bandia, akili unde na akili mnemba, kila istilahi ikiwa na watetezi wake. Mtengenezaji wa hila angezipanga zote tatu chini ya ukurasa. Mwalimu mzuri hafanyi hivyo. Huanza na neno ambalo wanafunzi wamekuja nalo darasani, hulitaja lile analolipendelea, hueleza kwa nini analipendelea, na kuendelea kulitumia. Maelezo hayo ya sentensi mbili humwelimisha binadamu, na kwa kuwa yameyataja majina yote mahali pake, ukurasa huweza kupatikana kwa lolote kati yao. Mjadala wa istilahi, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa wa makongamano tu, umegeuka kuwa suala la nani atasomwa.

Mofolojia nayo ina neno lake. Mnamo 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata viambishi tamati vya Kiingereza ili kulifikia shina la neno, na kanuni hizo zikatumika sana katika utafutaji wa matini. Kwa Kiingereza njia hiyo inafaa kwa sababu sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia, tena sana: kitabu na vitabu, mwandishi na waandishi, jina na majina. Kitenzi ndicho kizito zaidi. Katika “walivyotusomea” mzizi wa kusoma umezingirwa pande zote mbili, na aliyekata mwisho pekee bado hajaufikia. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuunda programu yake ya SALAMA, inayochanganua maneno ya Kiswahili kwa kuzingatia viambishi awali na tamati.

Mtu angedhani kwamba ugumu huo unawapa walaghai nafasi nzuri katika Kiswahili. Kinyume chake ni kweli zaidi. Anayejaza neno “mwandishi” mara arubaini amejaza umbo moja tu. Anayeandika kwa ajili ya msomaji, akasimulia habari za mwandishi fulani kwa kawaida ya lugha, atajikuta ametumia waandishi, uandishi, maandishi, aliandika, ameandikwa, aliyeyaandika, bila kukusudia na bila kumchosha yeyote. Upatanisho wa kisarufi na unyambuaji, mambo yanayowatoa jasho wanafunzi katika mitihani, humfanyia kazi hiyo bure. Nathari nzuri ya Kiswahili ina wavu mpana kuliko orodha yoyote.

Mengine ni ya kawaida, na hayahitaji maneno mengi. Ukurasa uitwao “Mwanzo” au “Ukurasa wa 3” haumwambii mtu kitu. Uitwao “Vitanza-ndimi vya Kiswahili: dhima na mifano” umeshajieleza kabla haujafunguliwa. Kiungo kinachosema “bonyeza hapa” humwacha asiyeona akisikia “hapa, hapa, hapa” pasipo kujua ni wapi. Muhtasari mfupi ambao mtambo huweza kuuonyesha chini ya jina la ukurasa ni ndugu wa ikisiri, na anayejua kuandika ikisiri ya tasnifu hashindwi kuuandika. Jua linalochomoza liliondolewa. Lilikuwa zito, na msomaji wa Kenya ambaye aghalabu hufungua tovuti kwa simu, akiwa amenunua bando la siku moja, alikuwa akililipia kabla hajaona sentensi ya kwanza. Google ilianza kuzipa nafuu kurasa zinazosomeka vyema katika simu mnamo Aprili 2015. Msomaji mwenye simu alikuwa amengoja tangu zamani.

Wapo wanaopinga mtazamo huu wakisema ni ndoto za walimu, kwamba mtandaoni hushinda mwenye kelele. Hoja yao ina uzito. Anayetafuta uhakiki wa Nguu za Jadi au Bembea ya Maisha hukutana na kurasa chungu nzima zinazorudia jina la kitabu katika kila sentensi, zikanakiliana makosa hadi ya majina ya wahusika, na mtahiniwa wa kidato cha nne huyabeba makosa hayo hadi chumba cha mtihani. Lakini mtu aulize: kurasa hizo zinashindana na nani? Wenye ujuzi wa kuviandikia vitabu hivyo kwa kina wamezifungia makala zao katika kabati za idara, au katika picha za karatasi, au wameandika kwa Kiingereza. Kelele haikushinda uhakiki bora. Ilikuta ukumbi mtupu. Na tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani majibu yaliyotungwa na mashine juu ya orodha ya kurasa, mtindo ambao baadaye ulienezwa katika nchi na lugha nyingine, utupu huo umekuwa wa hatari zaidi. Mashine hutunga kutokana na ilichosoma. Ikikosa Kiswahili kilichoandikwa na wanaokijua, itatumia kilichopo.

Upungufu mwingine ni wetu wenyewe. Majarida yetu hurejelea kwa ukarimu vitabu vya kigeni, ila tovuti za idara za Kiswahili ni nadra kuunganishana. Pia hubadilisha anwani za kurasa kila uongozi unapobadilika, hata kiungo kilichowekwa na mwalimu wa shule mwaka jana hugonga ukuta mwaka huu.

Chama kile hakikupata nafasi ya kwanza ambayo fundi aliahidi. Miezi kadhaa baada ya makala kuchapwa upya, barua pepe iliwasili kutoka kwa mwalimu wa shule ya upili aliyeusoma ule utafiti wa vitanza-ndimi. Hakusifu tovuti. Aliuliza iwapo mwandishi alikuwa na mifano zaidi kutoka eneo alilofanyia utafiti, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa na lahaja tofauti ya kitanza-ndimi cha tatu. Mhariri alimtafuta mhitimu yule akamfikishia swali.

Kilichosalia sasa ni makala za sintaksia, ambazo zina michoro ya matawi. Picha ya mchoro huonekana na wenye macho pekee, na maelezo yanayosema “mchoro wa sentensi” hayamfai mtu. Wamekubaliana kwamba kila mchoro uandikiwe maelezo kamili, na kwamba yule mwanafunzi asiyeona ndiye atakayeyapitisha au kuyarudisha. Rasimu ya kwanza aliirudisha. Ya pili, ya sentensi “Mtoto mdogo analia”, ilianza hivi: sentensi inagawika katika kundi nomino na kundi tenzi, kundi nomino lina nomino “mtoto” na kivumishi “mdogo”, kundi tenzi lina kitenzi kimoja, “analia”. Hiyo aliipitisha, akauliza ile yenye kishazi tegemezi italetwa lini.